Kipimo Kikiondolewa Sokoni, Majibu Yake Hubaki Nyumbani

Tarehe 17 Mei 2017 wazazi wa Marekani waliambiwa jambo zito: mtoto tuliyewaambia hana tatizo, huenda akahitaji kupimwa tena. FDA, mamlaka inayosimamia chakula na dawa nchini humo, pamoja na CDC, taasisi yake ya kudhibiti magonjwa, walitahadharisha kwamba vipimo vya LeadCare vya kampuni ya Magellan Diagnostics vingeweza kuonyesha kiwango cha madini ya risasi kilicho chini ya kiwango halisi, endapo damu ilitolewa kwenye mshipa. Walioshauriwa kurudi ni watoto wa chini ya miaka 6 ambao majibu yao yalikuwa chini ya mikrogramu 10 kwa desilita, pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha.

Risasi si ya kuchezea. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, wanalijua hilo kuliko mimi. Hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto, na mara nyingi ubongo huathirika bila homa wala upele wa kumshtua mama. Bila kipimo, hana pa kushika.

Kasoro yenyewe ilijificha mahali pasipotarajiwa. Kwa kifaa kimojawapo cha aina hiyo, mhudumu huchukua mikrolita 50 za damu, akazichanganya na kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, hadi zigeuke rangi ya kahawia, akadondosha tone kwenye kihisio, na baada ya dakika 3 namba ikatokea. Damu ya kidole haikuguswa na tahadhari hiyo. Ile ya mshipa, hata hivyo, ilikuwa imekaa kwenye chupa yenye kizibo cha mpira, na uchunguzi ulionyesha kwamba thiuramu, kemikali iliyomo katika mpira wa baadhi ya vizibo, iliingia kwenye damu ikaishikilia risasi hata kihisio kisiione. Kinachonikera zaidi ni kwamba ngozi ya kidole huweza kuwa na vumbi la risasi, na ndiyo maana majibu ya kidole yakiwa juu huthibitishwa kwa damu ya mshipa. Maabara iliyothibitisha kwa kifaa hichohicho ilikuwa ikiwaondolea wazazi wasiwasi uliokuwa wa haki.

Waendesha mashtaka walieleza kwamba kampuni iliijua kasoro hiyo tangu 2013. Mwaka 2024 ilikubali kukiri kosa na kulipa dola milioni 42. Fedha hizo siziongelei sana. Naihesabu miaka 4 kati ya 2013 na tahadhari ya 2017, kwa kuwa mtoto aliyepimwa akiwa na miaka 3 mwaka 2013 alikuwa tayari amevuka umri wa walioitwa kurudi.

Mtu aliyeambiwa kimakosa kwamba anaumwa atarudi hospitali, na huko kosa laweza kugunduliwa. Aliyeambiwa kimakosa kwamba ni mzima anakwenda zake. Tangazo la kuondoa kipimo sokoni hufuata njia ya mzigo, kutoka kiwandani hadi kwa msambazaji na maabara, wala halina njia yake yenyewe ya kumfikia mwenye damu. Kwa hiyo naona kila cheti cha majibu kiandikwe jina la kipimo kilichotumika na namba ya toleo lake, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja. Wahudumu wa maabara wataniambia kwamba foleni ni ndefu na karatasi ni ndogo, na sibishani nao; lakini kadi ya njano ya chanjo, tunayoionyesha mipakani, ina nafasi ya jina la mtengenezaji na namba ya toleo, nayo si kubwa.

Majibu yangu ya mwisho ya damu ninayo kwenye bahasha. Yana jina langu, tarehe, muhuri wa buluu na neno “kawaida”. Jina la kipimo halimo.