Anasoma mabango yote ya Mbuyuni. Arushwe darasa?

Mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi, ana mtoto wa miaka mitano anayesoma kila bango la duka kutoka Mbuyuni hadi stendi. Januari ilipokaribia mama hakupata usingizi: ampeleke shule ya msingi ya jirani akarudie KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anazozijua, au amtafutie shule ya mchepuo wa Kiingereza itakayokubali kumrusha moja kwa moja Darasa la Pili?

Mimi nilimwambia tuanze na kipimo. Usaili wa shule nyingi za binafsi ni kutaja rangi, kuhesabu hadi mia na kujitambulisha kwa Kiingereza. Kinachopimwa hapo zaidi ni televisheni ya nyumbani. Aliyelelewa na katuni atapita. Aliyelelewa na bibi kijijini Kibosho ataambiwa arudie chekechea, hata kama ndiye anayerudisha chenji dukani bila kukosea.

Upimaji wa Uwezo, ule utafiti wa kusoma na kuhesabu unaofanywa majumbani, hupanda ngazi rahisi: silabi, maneno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili yenye maswali. Mzazi anaweza kuuiga. Mpe hadithi asiyowahi kuiona, kwa lugha anayoiota, halafu funga kitabu umuulize kwa nini sungura alikimbia. Wengi wanaosoma kwa kutiririka hukwama hapo. Huyu wa Pasua hakukwama. Ila kutoa kwa kukopa kulimshinda, na penseli aliishika kama mwiko wa ugali. Kwa kusoma yuko Darasa la Tatu, kwa hesabu la Kwanza, na mkono wake bado uko chekechea. Sasa utamrusha yupi?

Wanaotaka arushwe wana hoja nzito. Katika chumba chenye watoto 80, anayemaliza kazi kwanza hugeuka mtundu, au hupewa kiboko awanyamazishe wenzake. Baya zaidi, anazoea kupata alama zote bila kutoa jasho, na siku hesabu za sekondari zikimkalia kooni hajui hata kuhangaika kunaanzaje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wametetea kurusha madarasa kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwongozo wao wa maamuzi una makatazo: usimrushe mtoto asiyetaka, wala usimweke darasa moja na ndugu yake. Kaka wa huyu alikuwa Darasa la Kwanza, Januari angeingia la Pili. Hapo mama alinyamaza.

Kisha kuna suala la miaka. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Anayeanza na miaka 6 atamaliza na 12. Ukimrusha, anaingia Kidato cha Kwanza na 11, na kwa jinsi wazazi wa huku tunavyopenda bweni, huyo ndiye atakayelinda ndoo na sabuni yake mbele ya vijana wenye ndevu.

Zipo shule za kimataifa kama UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, zinazofuata mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), ambao humwachia mtoto nafasi ya kuchimba mada badala ya kukimbizwa darasa la mbele. Kwa muuza mitumba wa soko la Memorial, ada yake haina mjadala.

Mimi naegemea kumwacha na rika lake, kwa sharti moja. Mzazi amuulize mwalimu: akimaliza kazi kwa dakika kumi, mnampa nini? Ukijibiwa "tunamwambia atulie", toka nje, hata kama basi la shule ni jipya. (Basi lenyewe huchukua watoto saa kumi na moja alfajiri. Usingizi nao ni masomo.)

Mama alipata jibu shule ya jirani. Mtoto yuko Darasa la Kwanza. Kipindi cha Kiswahili huhamia la Tatu na kitabu chake kwapani. Kengele ya hesabu ikilia hurudi kwa wenzake, ambako bado anasahau kukopa.