Mwaka huu boma lisubiri, tunaanza na jiko

Mwezi wa sita huku Mbeya mvua zishakata, shule zimefungwa, mahindi yako uwanjani yanaanikwa na hela kidogo ya mavuno ndo inaingia, kwaiyo ndo kipindi kila mtu anakumbuka ujenzi. Ukipita Uyole, Isyesye, Iganzo kote huko matanuru ya matofali yanafuka, mchanga umemwagwa hadi barabarani, fundi ukimpigia anakwambia yuko site nyingine mpaka wiki ijayo. Na hela ya familia nyingi inaenda sehemu moja tu, kwenye boma, yani nyumba ambayo bado haijaezekwa. Mimi mwaka huu nimekataa, na nasema wazi kwa sababu najua wamama wengi wanatamani kukataa ila wanaogopa kuonekana wanarudisha nyumba nyuma.

Sisi tunaishi nyumba ya uani, vyumba viwili, tuliijenga kwanza ili tutoke kwenye kupanga, alafu mbele yake ndo kuna nyumba kubwa yenyewe ambayo ni mwaka wa saba sasa iko usawa wa madirisha. Watu wa huku mnanielewa. Ile ya uani tuliiita ya muda kwaiyo kila kitu kikawa cha muda, madirisha tumeziba na mbao na nailoni, jiko ni banda la mabanzi limeegemea ukuta wa nyuma, bati kuukuu juu, mafiga matatu chini. Mwanangu wa mwisho kazaliwa humo na mwakani anaanza darasa la kwanza. Kwake yeye hapo ndo nyumbani, hajui kingine.

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja wa Juni mwaka jana. Mji wetu uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na kwenye dirisha la nailoni upepo wote unaingia ndani. Nikaingiza jiko la mkaa chumbani kwa watoto, nilikuwa nafanya hivo kila baridi, mama yangu alifanya hivo, majirani wanafanya. Mkaa ulikuwa umeshakolea, mwekundu, hauna moshi hata kidogo, nikaona hapo pako salama. Saa saba usiku binti yangu mkubwa akaja kugonga anasema mama kichwa kinapasuka, nyuma yake mdogo wake anatapika, nikakimbilia yule mdogo kabisa nikamwinua shingo haikai. Tukawatoa wote nje kwenye baridi hiyohiyo, tukatafuta bodaboda, tukawahi hospitali. Walipona. Sijui kama naweza kueleza ile njia ya kwenda na mtoto mapajani unamwita jina haitiki.

Baadae ndo nikaelezwa vizuri. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ukiivuta inashika damu pale ambapo oksijeni ingekaa, mtu analala usingizi na mwili hauna nguvu hata ya kuamka kufungua mlango. Kwaiyo kusubiri moshi uishe hakusaidii kitu, lile jiko jekundu zuri ndo hilohilo linaua. Nawaomba sana wazazi wenzangu wa Mbeya, Njombe, Makete, Mufindi na kote kwenye baridi, walazeni watoto pamoja, waongezeeni blanketi, wavalisheni soksi na sweta, ila jiko libaki nje. Na kama mtu keshalegea mtoeni nje kwenye hewa kwanza alafu mkimbie hospitali.

Sasa mwaka huu hela ya mahindi ilipoingia baba watoto akawa ashapiga hesabu ya simenti na nondo za renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Nikamwambia mume wangu, mwaka huu hapana, tunaweka vioo kwenye madirisha ya watoto na tunajenga jiko. Tulibishana siku tatu. Na niseme ukweli hoja yake ina uzito, ukuta usioezekwa unaliwa na mvua, hasa ule uliojengewa udongo, kila masika unazidi kuachia, na vifaa havijawahi kushuka bei tukasubiri vikashuka. Yote kweli. Ila nikamuuliza, tangu tumehamia hapa nani kakohoa zaidi, mimi na mabinti zako jikoni au boma? Boma halikohoi. Akanyamaza, kesho yake asubuhi nikamkuta anahesabu matofali yaliyobaki kwenye lile rundo la mbele. Tukachukua 140 ya kujengea jiko.

Hii wiki ya jiko naikumbuka kuliko sikukuu yoyote. Mama mkwe alikuja kutoka Rungwe, tukidhani amekuja kupumzika, kumbe udongo ndo fani yake. Akakataa ule wa shimoni, akatuma watoto na toroli wakalete wa kichuguu, akausaga, akachanganya na majivu na nyasi zilizokatwa fupi, akamwagia maji akauacha ulale usiku mzima. Watoto ndo walikanyaga, wa kiume na wa kike wote, mana nilishasema kwenye nyumba hii jiko si la wasichana peke yao na atakayekula ugali akanyage udongo. Fundi tulimlipa siku mbili tu, kazi yake ilikuwa kupandisha bomba la moshi kwa tofali mpaka juu ya bati na kuziba pale linapotokea ili mvua isiingie. Matundu mawili ya sufuria, moja kubwa la makande na moja dogo. Kukauka lilichukua muda kwa sababu ya baridi, mama mkwe alitukataza kuwasha moto mkubwa, kila jioni anaweka vijiti viwili vitatu tu, ukiharakisha linapasuka.

Ila kuna kitu sikukitegemea. Mama mkwe aliangalia moshi unavyopanda moja kwa moja kwenye bomba akafurahi, alafu akanyoosha kidole kwenye mahindi ya mbegu tuliyoning'iniza juu ya mafiga, akasema haya sasa yatabunguliwa. Na ni kweli, ule moshi uliokuwa unatuua macho ndo ulikuwa unalinda mbegu zisiliwe na wadudu. Kwaiyo ilibidi tubadilishe na utunzaji, mbegu na ya kula yote tukayaingiza kwenye ile mifuko ya tabaka tatu inayozuia hewa, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, akibaki ndani anakosa hewa anakufa. Lakini lazima yawe makavu kabisa la sivyo yanaoza humohumo. Kupima ni rahisi, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha kama robo saa, ukiona chumvi imeganda kwenye kioo rudisha mahindi juani. Yetu ilibidi tuanike siku nne zaidi, wanangu wanafukuza kuku na fimbo asubuhi mpaka jioni.

Najua kuna atakayesema kwa nini usinunue gesi. Mtungi ninao, mdogo, nachemshia chai na kupashia mboga. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, naunga mkono kwa moyo wote na ningependa kufika huko mapema. Ila makande yanachemka masaa matatu, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi hela ya kujaza mara nyingi haipo. Kuni nazitumia bado kwaiyo moshi wake lazima nijue unaenda wapi.

Vioo viliwekwa Jumamosi iliyopita. Usiku ule nimeamka mara mbili kwenda kuwagusa, tabia iliyonibakia toka mwaka jana, chumba kimetulia hata pazia halitikisiki, wamelala watatu kwenye blanketi mbili na masweta yao. Jiko la mkaa liko nje chini ya mwembe limefunikwa na karai. Na baba watoto leo kashinda kwenye boma na mabati chakavu, anafunika juu ya kuta zote na kuweka mawe ya kuzuia upepo, hadi mwakani.