NHSbuntu: walianza na kompyuta, kazi ilikuwa kwenye kadi

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, katika hospitali nyingi za Uingereza, skrini ziligeuka nyekundu. Mafaili yote yamefungwa, maandishi yakasema, lipa ndipo yafunguliwe. Kirusi kile kiliitwa WannaCry. Ofisi ya ukaguzi ya taifa ilipotoa ripoti yake Oktoba mwaka huo, ilisema kati ya taasisi 236 za hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, katika Uingereza yenyewe, 81 ziliguswa, pamoja na kliniki 595 za madaktari wa familia. Miadi iliyofutwa ilikadiriwa kuzidi 19,000. Nyuma ya kila miadi kuna mtu aliyeomba ruhusa kazini, akapanda basi, akafika dirishani na kuambiwa arudi nyumbani.

Katika hali hiyo watu wengi walilisikia kwa mara ya kwanza jina NHSbuntu. Ulikuwa mradi wa watu wa kujitolea, wakiongozwa na daktari Marcus Baw na mtaalamu wa kompyuta Rob Dyke, na wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza: tuichukue Ubuntu, mfumo endeshi wa chanzo huria wa familia ya Linux, ambao yeyote anaweza kuupakua na kuubadilisha, tuurekebishe ufae meza ya nesi, daktari na karani wa mapokezi, kisha tuutoe bure kwa huduma nzima ya afya ya umma. Hakuna leseni ya kulipia kila kompyuta. Hakuna kampuni moja inayoamua ni lini mashine zako zimezeeka.

Mwaka 2018 mradi ulifungwa. Tangu hapo hutajwa kwa namna mbili: kwa wengine ni ushahidi kwamba Linux haina nafasi hospitalini, kwa wengine ni ushahidi kwamba serikali hukataa kusaidika. Mimi naona pande zote mbili zimeshika kipande cha kweli, na zote zimekipita kitu kimoja kilichokuwa mezani waziwazi. Nitakifikia.

Kwanza hoja ya wenye mradi, kwa sababu haikuwa hoja dhaifu. Mwezi Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP. Sekta ya umma ya Uingereza, hospitali zikiwemo, ilikuwa bado na mashine nyingi za XP, hivyo serikali ililipa takriban pauni milioni 5.5 ili ipate mwaka mmoja zaidi wa masasisho. Fedha ile haikununua kompyuta hata moja wala haikuongeza kitanda. Ilinunua miezi 12 ya kusogeza tatizo mbele. Mtu anayelipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini chombo cha umma kiwekwe mahali ambapo muuzaji akibadili kalenda yake, hospitali nazo zinakimbizana. Kwenye mfumo huria, muda wa huduma ukiisha kwa mtoa huduma mmoja, msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, bado upo, na mwingine anaweza kuajiriwa kuutunza. Hilo ni jambo zito, na sioni jibu lake la kuridhisha kutoka upande wa pili.

Lakini WannaCry yenyewe, tukio lililoupa mradi umaarufu, haikuwa shahidi mzuri kiasi kile. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi kile kilipitia tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoshambuliwa zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unahudumiwa wakati ule. Tatizo ni kwamba hazikuwa zimesasishwa. Halafu, siku 12 baada ya WannaCry, yaani tarehe 24 Mei, wataalamu walitangaza tundu kubwa ndani ya Samba, programu huria ambayo mashine za Linux huitumia kugawana mafaili. Tundu lile lilikuwepo tangu mwaka 2010, msimbo ukiwa wazi mbele ya macho ya dunia nzima. Nalo lilihitaji kile kile kilichokosekana hospitalini: mtu mwenye jukumu la kusasisha, mwenye muda wa kufanya hivyo, na mwenye ruhusa ya kuzima mashine kwa nusu saa bila kugombana na wodi. Wengine hawakuwa hata na uwezo huo. Vifaa vya uchunguzi 1,220 viliguswa na WannaCry, na mashine ya kupiga picha za mwili haiguswi na fundi wa hospitali; huja na mfumo wake kutoka kiwandani na husubiri kiwanda. NHSbuntu isingeifikia.

Sasa kile kitu kilichokuwa mezani.

Mfanyakazi wa NHS anayehitaji kuona taarifa za wagonjwa kwenye mtandao wa taifa, uitwao Spine, ana kadi yenye picha yake na chipu. Anaichomeka kwenye kisomeo, mara nyingi kipo kwenye kibodi yenyewe, anaandika namba ya siri, anasubiri. Kadi ile si ufunguo wa mlango tu. Imefungamanishwa na cheo na kazi yake: karani wa mapokezi anaona hiki, nesi anaona kile, daktari anaweza kutia saini dawa ipelekwe duka la dawa kwa njia ya mtandao. Akichomoa kadi, kikao kinakatika. Programu inayozungumza na kadi hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows. Vivyo hivyo programu kubwa za madaktari wa familia. EMIS Web, mojawapo ya zinazotumika zaidi, ina neno Web katika jina lake lakini haikuwa ukurasa wa kufungua kwenye kivinjari. Ilikuwa programu ya kusakinishwa ndani ya Windows.

Kwa hiyo chukua Ubuntu iliyo bora kuliko zote. Inawaka haraka kwenye mashine nzee, ina LibreOffice ya kazi za ofisi, ina kivinjari cha Firefox, haili leseni. Iweke mbele ya nesi saa mbili asubuhi, foleni imeshafika mlangoni. Anachomeka kadi. Kama kadi haisomeki, yote mengine hayana maana kwake, hajaanza kazi. Waandaaji wa NHSbuntu waliliona hilo na kulifanyia kazi, si haki kudai walikuwa watoto wa kompyuta wasiojua hospitali. Tatizo ni kwamba walikuwa wanakimbiza kitu ambacho wenye mamlaka nacho wangeweza kukibadilisha wakati wowote, na ambacho hawakuwa na mkataba wowote wa kukitunza.

Kisha likaja suala la jina. Herufi NHS ni alama ya biashara inayomilikiwa na serikali kupitia waziri wa afya. Mradi ukabadili jina kuwa NHoS, mvutano na serikali haukuisha, na mwaka 2018 waandaaji wakatangaza wanaacha. Hapa nitasema wazi ninavyoona: serikali ilikuwa na sababu ya kulilinda jina. Mgonjwa akiona herufi zile anaamini kuna chombo cha umma kinachowajibika. Mfumo uliotengenezwa na watu wa kujitolea, hata wawe wema kiasi gani, ukibeba jina lile na siku moja ukavujisha taarifa za wagonjwa, nani ataitwa bungeni? Lakini kulinda jina ni jambo moja, na kumwacha mtu aliyekuletea kazi ya bure aondoke mikono mitupu ni jambo jingine. Kulikuwa na njia ya katikati: badilisheni jina, nasi tutawapa maelezo ya namna kadi inavyozungumza na mfumo, yaandikwe na kutangazwa, ili yeyote aweze kutengeneza programu inayoisoma. Hilo lingekuwa na faida hata kama NHSbuntu isingesakinishwa kwenye kompyuta hata moja. Mwezi Aprili mwaka ule ule huduma hiyo ya afya ilitangaza makubaliano na Microsoft ya kuhamia Windows 10.

Wapo waliofanikiwa kuhama. Gendarmerie, jeshi la Ufaransa linalofanya kazi za polisi, lina makumi ya maelfu ya kompyuta zinazotumia Ubuntu yao, waliyoipa jina GendBuntu. Tazama mpangilio wao. Mwaka 2005 walianza kwa kubadilisha programu za ofisi tu, wakaingiza OpenOffice juu ya Windows ile ile. Kisha kivinjari, kisha barua pepe. Askari alizoea vifaa vipya huku chini yake kukiwa na mfumo anaoujua. Mwaka 2008 ndipo wakaanza kuugusa mfumo endeshi, na kufikia hapo hakukuwa na kikubwa cha kumshtua mtu.

Mtu wa upande wa pili atanikumbusha Munich, na ana haki. Manispaa ile ya Ujerumani nayo haikukurupuka: iliamua mapema miaka ya 2000, ikahama taratibu, na kufikia mwishoni mwa 2013 karibu kompyuta 15,000 zilikuwa kwenye Linux yao, LiMux. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Zilitajwa programu maalumu za idara zilizobaki zikihitaji Windows, yalitajwa malalamiko ya wafanyakazi, na uongozi wa jiji ulikuwa umebadilika. Somo ninaloliona Munich ni kwamba ufundi unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado uamuzi ukageuzwa juu, iwapo kila tatizo la printa litahesabiwa kuwa kosa la Linux. Ufaransa ilikuwa na amri moja na uongozi wa kijeshi. Hospitali za umma za Uingereza ni taasisi nyingi, kila moja na bajeti yake na mikataba yake. Zinafanana zaidi na Munich kuliko na Gendarmerie.

Huku kwetu jambo hili si geni, ila limeingia kwa mlango mwingine. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na wenzao wa Eldoret, na huko Eldoret ukaanza kutumika mwaka 2006. Juu yake Kenya ikajenga KenyaEMR, inayotumika hasa kwenye kliniki za huduma za VVU, na seva zake husakinishwa kwenye Ubuntu. Nesi anafungua kivinjari, anaandika namba ya mgonjwa, anaendelea na kazi. Sijawahi kusikia mjadala wa kitaifa kuhusu Linux kwenye kliniki hizo, kwa sababu programu ya mgonjwa ndiyo iliyotangulia na mfumo endeshi ukaifuata. Kompyuta ya mbele yake ikiwa Windows leo na Ubuntu kesho, ukurasa anaoufungua ni ule ule.

Niliwahi kujifunza hili kwa mikono yangu. Katika kituo kimoja cha afya tulikuwa na kompyuta sita za msaada, zimezeeka, zinaambukizana virusi vya flashi kila wiki. Unafungua folda unakuta njia za mkato tupu, mafaili yamefichwa. Niliziwekea Linux zote sita mwisho wa wiki moja. Zikawa nyepesi, virusi vikakoma, mganga mfawidhi akanisifu mbele ya watu. Wiki tatu baadaye, ulipofika wakati wa kutuma madai ya matibabu, dada wa ofisi ya madai akanifuata: "Kaka, ile ya madai siioni." Programu aliyopewa na mlipaji mmoja ilikuwa ya Windows peke yake. Nilijaribu usiku mzima kuilazimisha ikubali, haikukubali. Asubuhi nikarudisha Windows kwenye mashine mbili. Kosa lilikuwa langu. Nilikagua mashine, kumbukumbu, diski, kila kitu, sikuketi na yule dada hata siku moja nikaona mwezi wake unavyokwenda.

Swali hili linarudi sasa kwa nguvu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Vituo vya afya vyenye mashine hizo vina njia chache: kununua mpya, kulipia muda wa ziada kama Uingereza ilivyofanya 2014, kubaki bila ulinzi, au kuhamia mfumo huria. Nikiulizwa, nitasema njia ya nne ni nzuri na ifikiriwe kwa dhati, hasa pale ambapo kazi zote tayari ziko kwenye kivinjari. Pale ambapo haziko, fedha na nguvu ziende kwanza kwenye hizo kazi: mkataba ujao wa programu ya maabara, ya dawa, ya madai, uwe na sharti kwamba ifunguke kwenye kivinjari chochote na maelezo ya kuunganisha vifaa yawe wazi. Hilo ni karatasi ya manunuzi, halihitaji hata CD ya Ubuntu.

Na kabla ya yeyote kusakinisha chochote, aende na daftari, akae pembeni ya nesi tangu anapofika hadi anapokabidhi zamu, tena akae mara ya pili siku ya mwisho wa mwezi. Aandike kila anachogusa: kadi, kisomeo, ukurasa wa dawa, ripoti ya chanjo, faili la Excel ambalo mtu wa wilayani hutuma likiwa na hesabu ndani yake, na ile printa ndogo ya kona inayotoa lebo za vichupa vya damu.