Shukrani Baada ya Usaili Isigeuke Kuwa Ombi

Vijana wanaotafuta ajira huniuliza mara kwa mara kama inafaa kumwandikia mwajiri ujumbe wa shukrani baada ya usaili, au kama kufanya hivyo ni kujipendekeza. Jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, kwa ajira za kampuni binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali, ila kwa sharti ambalo wengi hulivunja bila kukusudia: ujumbe uwe wa kushukuru kweli, usiwe ombi la kazi lililovikwa kanzu ya shukrani.

Kwa kuwa nimewahi kukaa upande wa wanaosaili, ninaufahamu vizuri ujumbe wa aina hiyo. Huingia usiku kwenye simu binafsi ya mjumbe wa jopo, ambaye namba yake imepatikana kwa kuuliza huku na kule, na husomeka hivi: “Shikamoo bosi. Nashukuru kwa leo. Naomba sana unifikirie, hali ya maisha ni ngumu na wadogo zangu wananitegemea. Mungu akubariki wewe na familia yako.” Simlaumu aliyeuandika, kwa maana amelelewa akijua kwamba mkubwa huendewa kwa unyenyekevu, na shida anayoieleza huenda ni ya kweli kabisa. Hata hivyo, kila ninaposoma maneno kama hayo huumia, kwa sababu mara nyingi yametoka kwa mtu aliyejibu maswali vizuri mchana ule, na sasa anajiweka mwenyewe katika kundi la wanaohitaji kuhurumiwa. Mjumbe aliyekwisha kujaza alama zake hawezi kuufanyia lolote ujumbe huo bila kuwadhulumu waombaji wengine, ambao nao wana wadogo zao.

Katika utumishi wa umma, ushauri wangu ni kutotuma ujumbe wowote kwa msaili. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na waombaji hupitia mchujo, usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa huweza kuhifadhiwa katika kanzidata akisubiri nafasi nyingine. Utaratibu huo umejengwa ili alama ndizo ziamue, na mtu anayemtafuta mjumbe wa jopo pembeni, hata kwa nia njema, anaweza kueleweka kuwa anatafuta upendeleo. Nchini Kenya, matangazo mengi ya kazi za umma huonya waziwazi kwamba mwombaji atakayejaribu kuwashawishi wahusika ataondolewa. Kwa ajira hizo za umma, shukrani inayotolewa kwa mdomo kabla ya kutoka chumbani inatosha.

Kwa mwajiri asiyebanwa na taratibu hizo, ujumbe mzuri ni ule unaobeba jambo lililozungumzwa ndani ya chumba cha usaili. Chukua mfano wa mwombaji wa kazi ya utunzaji wa ghala la dawa aliyeulizwa ni katoni ipi itolewe kwanza, naye akajibu kuwa ni ile iliyotangulia kuingia. Jibu hilo linafaa kwa bidhaa nyingi, lakini kwa dawa hutangulizwa zile zinazokaribia tarehe ya mwisho wa matumizi, hata kama zililetwa baadaye. Mwombaji huyo akiandika, “Nashukuru kwa kunisaili jana kwa nafasi ya Mtunza Ghala. Kuhusu swali la katoni, nilipaswa kusema kwamba itoke kwanza ile ambayo muda wake wa matumizi unakaribia kwisha. Nakala ya cheti mliyoiomba nimeiambatisha. Naomba shukrani zangu ziwafikie wanajopo wote,” amekwisha kufanya kazi kubwa kwa sentensi nne. Huenda alama zake zisibadilike, wala hapaswi kutarajia hivyo. Lakini ameonyesha kuwa ni mtu anayerudi kukagua alichokifanya na kukisahihisha bila kusukumwa, na katika ghala la dawa tabia hiyo ina thamani kuliko jibu la papo kwa papo.

Ujumbe huo utumwe siku hiyohiyo au kesho yake saa za kazi, kwa kujibu barua pepe ileile iliyomwita kwenye usaili, na katika lugha iliyotumika wakati wa usaili. Utumwe mara moja tu.

Lipo pia la kuwaambia waajiri, na ninalisema kwa uchungu. Mtu husafiri kwa basi kutoka Songea hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa, hutafuta pa kulala, huketi kwenye benchi tangu asubuhi na bahasha ya vyeti mapajani, hujibu maswali kwa dakika chache, kisha huambiwa kwamba akiona kimya ajue hakufanikiwa. Tunamfundisha kijana huyo kushukuru kwa muda aliopewa, ilhali yeye ndiye aliyetoa muda mwingi zaidi na fedha ambazo hakuwa nazo. Ofisi iliyoweza kumtumia barua pepe ya kumwita inaweza kumtumia nyingine ya kumwambia kwamba nafasi imejazwa na kumshukuru kwa kufika. Mistari mitatu inatosha, na itumwe kwa wote waliosailiwa, si kwa yule aliyekumbuka kuandika peke yake.