SAN ya bei kali au diski za kawaida? Mimi nachagua ile naweza kutengeneza hapa hapa Kampala

Wiki hii bosi ameniwekea kotesheni mbili mezani, akasema kijana soma hizi, Jumatatu unipe jibu. Sisi tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, ofisi kuu iko Kampala, matawi Mbarara na Gulu, na seva zetu zimejaa kabisa. Kotesheni ya kwanza ni SAN, yaani boksi moja kubwa la diski ambalo seva zote zinachota data kwake kupitia swichi ya mtandao. Ya pili ni seva mbili za kawaida, kila moja na diski zake ndani. Ya kwanza inapendeza na muuzaji wake anajua kuongea. Mimi nataka ya pili, na nataka nieleze kwa nini, sababu naona kampuni nyingi hapa kwetu zinaelekea kwenye shimo ambalo mimi nimeshalala ndani yake.

Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa tulikuwa na boksi la namna hiyo. Ijumaa moja jioni umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu, na kontrola ya boksi, yaani kadi inayoongoza diski zote, ikafa. Diski zote 12 zilikuwa nzima, data iko pale pale, lakini huwezi kuifikia, ni kama pesa iko ndani ya sefu na ufunguo umevunjikia kwenye kitasa. Tukampigia aliyetuuzia, akasema kontrola ya modeli hiyo Kampala hakuna, Nairobi hakuna, itatoka Dubai. Siku 11! Siku 11 watu wa stoo wanaandika risiti kwa mkono, mzee mmoja ametoka Arua na lori, alishalipa wiki iliyopita, na sisi hatuna pa kuangalia kama alilipa, tunamwambia mzee wetu subiri kidogo, na huku dereva wa lori anamdai pesa ya siku. Uso wa yule mzee sijausahau mpaka leo.

Najua kuna atakayesema SAN nzuri inakuwa na kontrola mbili, moja ikifa nyingine inashika. Ni kweli. Lakini ya kontrola mbili bei inapanda sana, na kampuni za saizi yetu zikiona bei hiyo zinakata hapo hapo, zinachukua kontrola moja, alafu zinabaki na seva tano zote zinategemea kitu kimoja. Na hata swichi, ukiunganisha SAN kwa kebo za gigabiti moja, hiyo njia mwisho wake ni megabaiti 125 kwa sekunde na seva zote zinagawana, wakati diski moja tu ya kisasa ikisoma mfululizo inaweza kufika hapo peke yake. Ukitaka njia ya gigabiti 10 unanunua swichi nyingine, kadi nyingine, na kotesheni haikusema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa kuna hili la RAID, na hapa ndio nabishana na watu kila siku. Hilo wazo liliandikwa 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley kule Marekani, na lilikuwa hivi: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ya juu, panga diski nyingi za bei rahisi ili moja ikifa data isife nayo. Wauzaji wanapenda kukupangia RAID 5, ambayo inatumia nafasi ya diski moja tu kwa hesabu ya ulinzi ya kurudishia data, sababu unaona nafasi nyingi. Kwenye RAID 10 kila diski ina pacha mwenye kopi yake. Diski sita za terabaiti 4, RAID 5 inakupa 20, RAID 10 inakupa 12 tu. Bosi akiona 20 na 12 anauliza kwa nini nitupe 8, na ni swali halali kabisa.

Jibu langu ni hili. Kwenye RAID 5 kila ukiandika kitu kidogo, mfano risiti moja kwenye databesi, mashine inasoma data ya zamani, inasoma hesabu ya ulinzi, alafu inaandika vyote viwili upya, kazi nne. RAID 10 inaandika mara mbili basi. Lakini mimi zaidi naogopa siku diski inapokufa. RAID 5 ikijijenga upya inabidi isome diski zote tano zilizobaki, terabaiti 20, na diski nyingi za bei ya chini kiwanda chenyewe kinaandika kwamba kosa la kusoma linaweza kutokea mara moja katika biti trilioni 100, ambayo ni kama terabaiti 12 na nusu. Haimaanishi lazima litokee, diski nyingi zinafanya vizuri kuliko hapo, lakini wakati huo huna ulinzi tena na diski zote zilinunuliwa siku moja kwenye katoni moja, zimezeeka pamoja. RAID 10 inasoma pacha mmoja tu, terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde ni masaa saba na kitu kama mashine haina kazi nyingine.

NAS, yaani boksi la kuwekea mafaili kwenye mtandao wa ofisi, siichukii, kwa mafaili ya ofisi, picha, karatasi za wahasibu, iko sawa. Databesi ya mauzo nisingeiweka huko. Hiyo naiweka kwenye SSD mbili pacha, yaani diski za chipu zisizozunguka, zile za seva zenye kapasita ndani, kitu kinachotunza umeme kidogo, zinazomalizia kuandika umeme ukikatika, maana za laptopu nyingi hazina hiyo kitu.

Na klaudi, yaani seva za kukodi kupitia intaneti? Kopi ya bekapu ndiyo, iende huko kila usiku. Lakini Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima siku kama tano, na duka lililokuwa na kila kitu nje ya nchi lilikaa tu linaangalia skrini. Bidhaa ziko stoo, wateja wako mlangoni.

Kwa hiyo Jumatatu nampelekea bosi hivi: seva mbili zinazofanana, moja inanakili kwa nyingine, RAID 10 kila moja, na diski 14 badala ya 12 ili mbili zikae kabatini kwangu, alafu zisitoke katoni moja. Seva moja ikifa nahamishia kazi yake kwa mwenzake, diski ikifa naibadilisha mwenyewe hata Jumapili. Akisema pesa haitoshi, nitapunguza ukubwa wa diski. Zile mbili za kabatini sipunguzi.