Sasisho la usiku, kero ya asubuhi
Steshenari ya mtaani kwetu Kariakoo leo haichapi kitu. Kompyuta ilijisasisha usiku, asubuhi haiitambui printa iliyokuwa inafanya kazi jana jioni. Foleni imefika barazani, watu wameshika fomu za mkopo, dada wa watu anazima na kuwasha tu. Na bando lililoliwa na sasisho hilo kalipa yeye!

Inaudhi kwa sababu si mara ya kwanza. Oktoba 2018 Microsoft walisimamisha sasisho la Windows 10 (mfumo wao wa kuendesha kompyuta) lililofuta faili za baadhi ya watumiaji, na wapo waliokuwa wameripoti tatizo hilo wakati wa majaribio. Unaambiwa faili zinafutika, bado unaachia? Jaribuni huko kwenu kwanza, jamani. Sisi tuna kazi za kuchapa.