Uji wa Mama, Soda ya Mwajiri

Ukimuuguza mtu wodini Tabora, haikuchukui siku nyingi kuwajua wagonjwa wasio na mtu. Chakula cha mgonjwa huletwa na ndugu, kwa hiyo saa ya kuona wagonjwa ikifika kila kitanda kinazungukwa na mabakuli na chupa za chai, isipokuwa kimoja au viwili. Kitanda cha pili kutoka kwa baba yangu mdogo kilikuwa hivyo. Alilala kijana wa Kasulu, kibarua wa tumbaku huko Kaliua, aliyeanguka akitundika majani juu kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akavunjika paja.

Aliyemwona ni mama muuza vitumbua, aliyekuja kwa mgonjwa wake mwingine. Alimimina uji wa ulezi kwenye kifuniko cha chupa, akaupuliza, akamwambia, "Kunywa, baba, usije ukapoa." Kesho yake akaja na wembe, akamkata kucha za miguu, maana kuinama hawezi. Jumapili akaja mwajiri, mzee wa kanisa, na soda mbili na mkate. Akamwekea mkono kichwani, akaomba sala ndefu mpaka sauti ikakatika. Alipoondoka ndipo kijana akatuambia kwamba ujira wake wa msimu mzima bado uko kwa huyo huyo mzee.

Tunahubiriwa sana kwamba upendo mdogo mdogo ndio kioo cha imani. Sasa hapa kuna uji na soda, kitanda kimoja, wote wawili wanakwenda ibadani.

Wanaotetea matendo madogo wana Maandiko ya kutosha. Katika Mathayo 25 hukumu inafanyika kwa mambo ya kawaida kabisa: chakula, maji, nguo, kumkaribisha mgeni, kwenda kumwona mgonjwa na mfungwa. Mathayo 10:42 inashuka zaidi, hadi kikombe cha maji ya baridi. Aliyeishi Tabora enzi maji yananunuliwa kwa dumu, kabla ya bomba la Ziwa Victoria, anajua kikombe hicho si cha mafumbo. Wakatoliki nao wana Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 bila kuongoza taasisi yoyote, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa kwa hiyo hiyo njia yake ndogo, ya kutenda mambo madogo kwa upendo. Na tuseme kweli, wengi wetu hatuna kikubwa cha kutoa. Anayengoja apate ndipo asaidie, mgonjwa atatoka wodini hajamwona.

Wapo wanaopinga kwa kusema huo ni utu tu, Ukristo wake uko wapi? Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari inaingia nyumbani kwangu kutoka kwa jirani Mwislamu, na sahani ile hairudi tupu. Pingamizi hili halinisumbui. Yesu mwenyewe, alipotaka mfano wa jirani mwema, alimchukua Msamaria, ambaye kwa wasikilizaji wake hakuwa mtu wa dini sahihi. Kuhusu wanaopiga picha wakimkabidhi mgonjwa sabuni, Mathayo 6 imeshawamaliza: thawabu yao wameshaipata.

Linalonisumbua ni la soda. Barua ya Yakobo tunaipenda kwa sura ya 2, pale inapouliza imani inafaa nini ukimwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa kitu. Sura ya 5 mstari wa 4 siusikii mara nyingi madhabahuni, nao unasema ujira uliozuiwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, sembuse msimu. Ukimdai mtu akakuletea soda, hiyo soda inakufunga mdomo. Utaanzaje kudai huku umeshika chupa yake?

Lakini nimtendee haki mzee. Gari la kumleta kijana hospitali alilipa yeye. Na mkulima wa tumbaku naye hushika fedha soko likishafunguliwa na mnunuzi akalipa, baada ya makato ya pembejeo kwenye chama cha msingi cha ushirika. Huenda siku ile mfukoni alikuwa na hela ya soda tu. Sioni unafiki katika machozi yake. Naona mtu aliyeweza kusema "nakuomba msamaha, ujira unaonidai naukumbuka", maneno ambayo hayangemgharimu hata shilingi, akachagua sala. Kwa hiyo kwangu udogo wa tendo si hoja. Hoja ni kama limepita kando ya deni.

Mama wa vitumbua hakuwa na nadharia hizi. Siku ya nne, akisubiri bakuli liishe, aliuliza tu, "Kwani unamdai kiasi gani?" Akaandika nyuma ya daftari lake la mauzo: 380,000. Jumapili iliyofuata yeye na akina mama wawili wa kanisani walimngoja mzee nje baada ya ibada. Akatoa 150,000 palepale, iliyobaki akaahidi soko likifunguliwa. Kijana alipopanda treni ya Kigoma kwa magongo, iliyobaki ilikuwa bado haijaja. Alikuwa na vitumbua sita kwenye mfuko, na namba ya simu ya yule mama kwenye kipande cha karatasi ya daftari.